Je, Wajua? Hewa Moto na Mlango wa Rangi Saba

Je, wajua kuwa ile mashine ambayo mafundi huiita hitigani ni ndugu wa damu wa mashine ya kukaushia nywele saluni? Nyuma kuna feni, mbele kuna waya unaowaka mwekundu, hewa inapita katikati na kutokea mdomoni. Ya saluni imefanywa isiunguze ngozi ya kichwa. Ya kubandulia rangi hutoa hewa ya nyuzi 300 hadi 600 za Selsiasi, na nyingine zaidi. Ukiielekeza kwenye mlango wa mbao, rangi ya mafuta hulegea, huvimba kama chapati juu ya kikaango, na skrepa ikipita chini yake rangi hutoka kwa mkanda mrefu mpaka mbao ikaonekana.

Je, wajua kuwa waya ulio ndani yake una zaidi ya miaka mia moja? Ni nikromu, mchanganyiko wa nikeli na kromiamu ambao Mmarekani Albert Marsh alipewa hataza yake mwaka 1906. Huwaka mwekundu na kupoa mara maelfu bila kuteketea, kwa sababu hujivika utando mwembamba wa oksidi unaouzuia usiliwe na hewa. Tosta na hita nyingi za nyumbani zinaishi kwa waya huo huo.

Mlango wa nyumba ya mama yangu, Tanga, ulikuwa na rangi saba. Nilizihesabu ukingoni, pale skrepa ilipokata: buluu, nyeupe, kijani, kahawia mara mbili, krimu, na chini kabisa njano iliyokoza kama bizari. Njano hiyo ndiyo iliyonisimamisha, na nitaeleza sababu.

Je, wajua kuwa ukienda kununua hitigani, swali la kwanza dukani si wati ngapi? Boksi litakuwa na 2000W kwa herufi kubwa, na muuzaji ataisoma kwa sauti. Wewe uliza: joto lake linapungua? Mtu anayetaka kubandua mlango mmoja na fremu mbili za madirisha mwaka huu, kisha aiweke mashine kabatini, hahitaji nguvu ya karakana. Anahitaji mashine ambayo joto lake linaweza kushushwa. Ya hatua mbili, kwa mfano nyuzi 350 na 550, inamtosha. Yenye kitufe cha kuzungusha ili kuchagua joto kidogo kidogo ni bora zaidi, na kama una pesa ya nyongeza, iweke hapo. Skrini ya namba ni starehe tu. Mashine yenye swichi moja ya kuwasha na kuzima, isiyoandikwa joto lake popote, mimi siinunui hata ikiuzwa nusu bei.

Je, wajua kuwa rangi nyingi za mafuta hulegea kabla mashine haijafika mwisho wa uwezo wake? Anza chini. Weka mdomo wa mashine sentimita tano hivi kutoka kwenye mbao, usogeze bila kusimama, na rangi ikianza kuvimba pitisha skrepa papo hapo. Ukiona moshi, umevuka mpaka: hapo rangi hailegei tena, inaungua, na ikishaungua hushika mbao kama masizi ya sufuria. Anayeongeza joto ili amalize haraka huishia kufanya kazi mara mbili.

Je, wajua kuwa kuna namba moja ya kukariri kabla ya kulipa? Ni 593. Katika nyumba zenye rangi ya madini ya risasi, Shirika la Ulinzi wa Mazingira la Marekani linawakataza makandarasi kutumia mashine ya hewa moto inayovuka nyuzi 1100 za Farenihaiti, ambazo ni 593 za Selsiasi. Kanuni hiyo ilianza kutumika kikamilifu Aprili 2010, na inakataza pia kuchoma rangi kwa moto wa wazi. Sababu ni kwamba kwenye joto kali risasi iliyomo ndani ya rangi hupanda hewani kama moshi wa chembe ndogo mno. Macho hayazioni, na mapafu yanazipokea kwa urahisi. Mashine nyingi madukani hufika 600 au 650 kwenye hatua ya juu. Maana yake ni kwamba mashine iliyo mkononi mwako inaweza kuvuka mpaka huo, na kitakachoizuia ni kidole chako kwenye kitufe.

Na je, wajua kuwa habari ya risasi kwenye rangi si mpya hata kidogo? Mwaka 1904 daktari wa macho J. Lockhart Gibson, wa Brisbane, Australia, aliandika kwamba watoto waliokuwa wakimjia wakiwa wagonjwa walikuwa wakipata sumu kutoka kwenye rangi ya kuta na ya uzio wa vibaraza vya nyumba zao. Jua lilikuwa likiigeuza rangi kuwa unga, unga ukaganda vidoleni, vidole vikaenda mdomoni. Jimbo lake la Queensland lilitunga sheria kuhusu rangi hiyo mwaka 1922. Mwaka mmoja kabla, Shirika la Kazi Duniani lilikuwa limepitisha mkataba wa kuzuia rangi nyeupe ya risasi katika upakaji wa ndani ya majengo. Marekani ilipiga marufuku rangi yenye risasi kwa nyumba mwaka 1978. Hesabu mwenyewe: kutoka kwa daktari wa Brisbane hadi marufuku ya Washington ni miaka 74, na katika miaka hiyo rangi iliendelea kupakwa majumbani.

Huku kwetu viwango vya Jumuiya ya Afrika Mashariki vimeweka kikomo cha sehemu 90 za risasi katika kila sehemu milioni moja za rangi. Hilo ni jambo jema kwa kopo jipya. Lakini kiwango hakirudi nyuma kukwangua mlango uliopakwa zamani. Linganisha na petroli: ile yenye risasi iliondolewa katika nchi za Afrika kusini mwa Sahara kufikia mwanzoni mwa 2006, na mwaka 2021 UNEP, shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa lenye makao yake Gigiri, Nairobi, lilitangaza kwamba haiuzwi tena popote duniani kwa magari ya barabarani. Petroli ikishachomwa imekwisha. Rangi hukaa. Inapakwa juu ya nyenzake, tabaka juu ya tabaka, inamsubiri mtu wa kuja na mashine.

Je, wajua kuwa rangi zinazong'aa ndizo za kutiliwa shaka zaidi? Njano, machungwa, nyekundu na kijani za mafuta zilikuwa zikitengenezwa mara kwa mara kwa unga wenye risasi, hasa kromati ya risasi ambayo yenyewe ni ya njano. Rangi ya maji ya kutani kwa kawaida haina tabia hiyo. Ndiyo maana njano ya bizari kwenye mlango wa mama ilinifanya nizime mashine na kuwatoa wajukuu kwenye baraza.

Wengi huchanganya vitu viwili hapa, kwa hiyo nivitenganishe. Ile praima nyekundu ya udongo inayopakwa kwenye grili na mageti ni oksidi ya chuma, yaani kutu safi iliyosagwa, na haina risasi kwa asili yake. Praima ya machungwa iliyokoza, iliyotumika zamani kwenye madaraja, meli na mapaa ya chuma, ndiyo risasi yenyewe.

Je, wajua kuwa risasi ina utamu? Chembe za rangi yake zina ladha tamu kidogo, na hilo linasaidia kueleza kwa nini mtoto aliyeonja mara moja hurudi tena dirishani. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama, na kwamba mtoto mdogo hufyonza mara nne hadi tano zaidi ya mtu mzima kwa kiasi kile kile alichomeza. Inashambulia ubongo unaokua. Haileti homa wala upele; inamfanya mtoto awe mzito wa kujifunza, na nyumbani watasema ni mvivu. Wakazi wa Owino Uhuru, Mombasa, waliokaa jirani na kiwanda cha kuyeyusha betri, wanajua risasi ni nini. Phyllis Omido aliyewapigania alipewa Tuzo ya Mazingira ya Goldman mwaka 2015. Kwao ilitoka kwenye bomba la kiwanda. Kwangu na kwako inaweza kutoka kwenye fremu ya dirisha, kwa kazi ya mikono yetu wenyewe, siku ya Jumamosi.

Je, wajua kuwa kuna vijiti vya kupima? Unasugua kwenye rangi uliyoikata mpaka tabaka la chini, na baadhi yake hugeuka waridi au vyekundu vikikutana na risasi. Vinaagizwa, si kila duka linavyo, na maabara ndiyo yenye jibu la uhakika. Kama huna vyote viwili na nyumba ni ya zamani, fanya kazi kana kwamba risasi ipo: watoto na wajawazito wasiwepo, turubai la plastiki chini, joto la chini, na barakoa yenye vichujio vya P100. Barakoa ya kitambaa haitoshi hapa. Ukimaliza usifagie kwa ufagio mkavu. Futa kwa kitambaa chenye maji na sabuni, mara mbili, na nguo ulizovaa zifuliwe peke yake.

Je, wajua kuwa msasa mkavu unaweza kuwa mbaya kuliko hitigani? Mashine ya hewa moto ikitumiwa kwa joto la chini hutoa rangi ikiwa vipande vikubwa vya kuokoteka. Grainda yenye brashi ya waya, na msasa mkavu, huigeuza rangi hiyo hiyo kuwa vumbi linaloingia hadi kwenye gunia la mchele. Mabaki yaliyogoma baada ya hewa moto yalowanishe kwanza, ndipo usugue. Kwa mbao kama mvule kuna sababu ya pili: vumbi lake huwasha ngozi na kuwabana kifua baadhi ya watu, hata lisipokuwa na rangi.

Na dawa za kubandulia? Kimiminika kikali cha diklorometheni, ambacho huchemsha rangi kwa dakika chache, kilipigwa marufuku kuuzwa rejareja kwa watu wa kawaida Marekani mwaka 2019, baada ya watu kufia ndani ya vyumba vilivyofungwa. Ndani ya mwili hugeuka kuwa kaboni monoksidi, gesi ile ile ya jiko la mkaa lililoachwa chumbani usiku. Kostiki soda, ambayo akina mama wa vikundi vya sabuni wanaijua vizuri, nayo hubandua rangi ya mafuta, lakini huzitia weusi mbao nyingi ngumu, hula alumini, na tone moja jichoni ni msiba. Baada ya kuvipima vyote, mimi nachagua hewa moto ya nyuzi 350.

Je, wajua kuwa mbao ndiyo rafiki mkubwa wa mashine hii, na chuma ni adui yake? Chuma hupitisha joto zaidi ya mara mia mbili kuliko mbao. Ukipuliza mlango wa mbao, joto hubaki pale pale kwenye rangi. Ukipuliza grili, nondo zinalisambaza mpaka ukutani, na wewe unasubiri huku umeme ukienda. Ukuta wa saruji unafanya vivyo hivyo. Rangi ya maji haivimbi vizuri, inageuka kama ubani uliotafunwa na kunata kwenye skrepa. Chokaa haishtuki kabisa, kwa kuwa ni jiwe. Kwa hiyo mwenye nyumba ya chokaa Lamu au Pangani asinunue hitigani kwa ajili ya kuta zake.

Kioo nacho kina neno lake. Hewa ya nyuzi 400 ikigusa pembe moja ya kioo baridi, pembe hiyo inatanuka na iliyobaki haitanuki, na kioo kinapasuka. Nimewahi kupasua kimoja namna hiyo, cha dirisha la mbele, na kilikuwa kioo cha zamani chenye mawimbi ambacho sasa hakipatikani. Baadhi ya mashine huuzwa na mdomo wenye bati la kukinga kioo. Ukiwa na madirisha, hicho ndicho kifaa cha kwanza kukitafuta ndani ya boksi. Cha pili ni mdomo bapa kwa ajili ya mbao pana. Mingine yote huishia kwenye droo.

Je, wajua kuwa moto unaweza kuanza wakati wewe umeshaoga na umekaa kula? Mbao haihitaji mwale kuwaka. Hewa moto ikipenya kwenye ufa hukuta nyuma yake vumbi, kiota cha ndege, udongo mkavu wa mchwa na makapi ya mbao. Vitu hivi hufuka polepole bila mwanga. Huko Uingereza, tarehe 30 Agosti 1989, jumba la Uppark, Sussex Magharibi, liliungua kwa sababu ya moto wa mafundi waliokuwa wakitengeneza bati za risasi za paa, zikiwa zimebaki siku mbili kazi ikamilike. Ule ulikuwa mwale wa gesi, lakini mbao iliyojificha haiulizi joto limetoka wapi. Kanuni za kimarekani za kazi za moto ziliongeza muda wa kulinda eneo baada ya kuzima, kutoka nusu saa hadi saa moja. Fuata saa hiyo moja. Weka ndoo ya maji, rudi, pitisha kiganja cha mkono kwenye mbao, nusa nyufa. Na chini ya paa la makuti usiiwashe kabisa. Ondoa mlango kwenye bawaba zake, upeleke uani.

Je, wajua mashine ya wati 2000 inakula kiasi gani? Saa moja kwa nguvu yote ni uniti mbili. Mlango wetu ulichukua saa tano pande zote mbili, yaani si zaidi ya uniti kumi za LUKU, umeme wetu wa kulipia kabla. Inavuta ampea karibu tisa, na soketi yetu ya pini tatu za bapa inaruhusu 13, kwa hiyo soketi nzuri haina tatizo. Tatizo ni ekstensheni. Ile nyembamba ya kuchajia simu isiguswe, na ile ya kukunja kwenye gurudumu ikunjuliwe yote hata kama unahitaji mita tatu tu, maana waya uliokunjwa hulimbikiza joto mpaka plastiki yake ikayeyuka.

Ndugu aliye Marekani akikutumia mashine kwenye pipa, soma kibao chake kabla ya kuichomeka. Ya volti 120 ikikutana na umeme wetu wa volti 230 itataka nguvu karibu mara nne: ya wati 1500 itajaribu kuvuta karibu 5500, na waya wake utakatika kwa mwanga mmoja. Za kutoka Dubai na Muscat hazina shida hiyo, volti zao zinakaribiana na zetu.

Je, wajua kuwa ya betri haifai kwa kazi hii? Betri ya volti 18 yenye uwezo wa ampea-saa 5 ina nishati ya wati-saa 90. Mashine ikila wati 500 tu, unapata dakika kumi hivi. Ni nzuri kwa kukaza mpira wa kufunikia waya au kubandua stika ya gari. Na ile bloa ya fundi simu, hata akikuazima kwa moyo mkunjufu, mdomo wake ni wa ukubwa wa kalamu. Ungemaliza mlango mwakani.

Je, wajua kuwa kuna milango isiyostahili kubanduliwa? Mji Mkongwe wa Zanzibar uko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000, na Mji wa Kale wa Lamu tangu 2001. Milango ya nakshi ya miji hiyo ni sehemu ya urithi wenyewe. Hewa moto huilegeza gundi ya zamani, huikausha mbao ghafla ikapasuka, na skrepa hula ncha za maua aliyoyachonga mtu kwa patasi. Kabla ya kuwasha chochote nenda kwa watu wa uhifadhi, Mamlaka ya Mji Mkongwe kwa Unguja, Makumbusho ya Taifa kwa Lamu. Na hata kwenye mlango wa kawaida wa bibi yako, ninaomba kitu kimoja: acha kipande cha ukubwa wa kiganja nyuma ya bawaba bila kukigusa. Zile rangi saba ni kumbukumbu ya nani aliishi hapo na mwaka gani alikuwa na pesa ya kopo jipya. Mama alizitaja zote kwa mpangilio, pamoja na harusi iliyosababisha ile buluu.

Je, wajua kuwa mashine hizi huweza kufa kwa kuzimwa vibaya, si kwa kazi tu? Ukizima ghafla kwenye nyuzi 500, feni inasimama na waya unabaki mwekundu bila hewa, ukiunguza kishikio chake cha seramiki na plastiki iliyo jirani. Teremsha kwanza kwenye hatua ya baridi, iache ipulize dakika moja au mbili, ndipo uzime. Chagua yenye mgongo bapa ili isimame wima, mdomo juu, kila unapoiweka chini. Mdomo huo unabaki wa kuunguza kwa dakika nyingi, na kwa macho hauna tofauti na uliopoa.

Je, wajua maganda ya rangi yaende wapi? Yakiwa bado ya moto yaangukie kwenye bati, si kwenye gazeti. Yakipoa, yatie kwenye mfuko mzito wa plastiki, uufunge, uutie ndani ya mwingine, na uulize halmashauri wanapokea wapi taka hatari. Yasizikwe kwenye bustani ya mchicha. Na mbao chakavu zenye rangi ya zamani, zile zinazorundikwa uani baada ya ukarabati, zisiende jikoni. Nimeona milango ya kale ikipasuliwa kuni za kuchemshia maharage, moshi wake ukiwapuliza usoni watoto waliokaa kuota moto.